Mwambie Ageuke: Jinsi ya Kukagua Maleba Yaliyoshonwa Nyumbani

Mwambie mvaaji ageuke. Kabla hujasifu taji, kabla hujauliza ngao imetengenezwa kwa nini, mtazame mgongoni. Mtengenezaji wa maleba hujitazama kwenye kioo, na kioo humwonyesha kifua chake. Kwa hiyo pesa, gundi na usiku wa kukesha vyote huishia mbele. Mgongoni ndiko utakakokuta zipu ya sketi ya shule imeachwa wazi, velkro imebanduka nusu na bitana inachungulia. Mgongo ukiwa umetunzwa kama kifua, ujue aliyelitengeneza vazi hilo alipanga. La sivyo, aliona picha tu akakimbilia makasi.

Kukagua maleba si kazi ya watu wa ughaibuni peke yao tena. Nairobi kuna NAICCON, kongamano la wapenzi wa vibonzo, filamu na michezo ya kompyuta, na kuna Otamatsuri ya wapenzi wa anime. Vijana wa Nakuru hupanda matatu alfajiri na panga za sponji zimefungwa ndani ya gunia. Tangu Black Panther izinduliwe Kisumu Februari 2018, mji wa kina Lupita Nyong'o, Wakanda, nchi ya filamu hiyo, imeingia kwenye sherehe za kuzaliwa, harusi na maonyesho ya shule. Na kabla ya hayo yote, tamasha za drama za shule zilikuwa zimeshatuzoesha kuketi mbele ya jukwaa na kuyapa maleba alama. Shida ni kwamba jicho la tamasha limezoea umbali. Gunia lililochorwa kwa mkaa hugeuka ngozi ya simba ukiwa mita kumi na tano. Kwenye kongamano mtu anakusogelea bega kwa bega mpigwe selfi, na gunia linarudi kuwa gunia.

Kwa hiyo kagua kwa hatua. Ukiwa mbali, finya macho mpaka rangi zipotee ubaki na umbo. Gandalf, mchawi wa The Lord of the Rings, ni kofia ya ncha, ndevu na fimbo. Okoye, jemadari wa Black Panther, ni kichwa kilichonyolewa, mgongo ulionyooka na mkuki. Ukimtambua mhusika kwa umbo peke yake, kazi imeanza vyema. Sogea hatua chache uangalie kitambaa kinavyoanguka. Kisha fika mahali pa kusalimiana kwa mkono, hapo uangalie mishono na kingo. Yako maleba yanayopendeza kwa mbali tu, na hayo ni ya jukwaani, hayana kosa. Yanayopendeza kwa karibu tu ndiyo yenye ugonjwa: mtu ametumia mwezi mzima kudarizi majani kwenye mkono wa kanzu, na ukirudi nyuma hatua tano unaona blanketi lenye miguu.

Msimamo wangu niuweke mezani mapema. Maleba ya filamu za fantasia hayapimwi kwa kufanana na picha. Yanapimwa kama nguo za kazi. Mlinzi wa mfalme, mchawi msafiri, mbilikimo mchimba migodi, malkia anayeketi barazani siku nzima: kila mmoja ana shughuli yake, na shughuli huacha alama kwenye nguo. Swali la kwanza la jaji liwe: huyu hufanya kazi gani akiwa amevaa hivi, na je, angeweza kuifanya?

Huenda nafikiri hivyo kwa sababu ya mahali nilipo. Lanet, hapa Nakuru, ni mahali pa sare. Kambi ya jeshi ilikuwapo kabla ya uhuru, na makadeti wamekuwa wakihitimu hapa miaka nenda miaka rudi. Mtoto aliyekulia Lanet hahitaji kufundishwa tofauti ya buti lililokwishatembea na buti lililotoka kwenye boksi asubuhi ile. Anajua mkanda wa askari huchubuka pale bizimu inapokaa, si kila mahali. Anajua pia kwamba sare si mchezo, na hapa niseme jambo ambalo majaji wa Nairobi hulisahau: sheria ya Kenya inamkataza raia kuvaa sare za jeshi au kitu kinachofanana nazo. Mpango wowote wa askari wa kubuni unaoanza na suruali ya madoa ya jungle kutoka mitumba, uuondolee alama zote, uutupe. Filamu zenyewe zinakuonyesha njia. Walinzi wa Dora Milaje katika Black Panther wamevaa nyekundu, na hakuna anayeuliza kama ni askari.

Mimi huomba kuuona mpango kabla ya kuliona vazi. Daftari la shule linatosha. Mpango dhaifu ni orodha ya ununuzi: kitambaa, rangi, gundi, manyoya. Mpango mzuri huanza na mwenye vazi: kwao kuna baridi au joto, anapanda farasi au anatembea, nguo hii alishonewa au alirithi. Kisha unaeleza kitu kimoja ambacho jicho litatua juu yake, na vingine vyote vikae chini ya hicho. Kofia ya Malkia Ramonda kwenye Black Panther ni mfano mwema. Asili yake ni isicholo, kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa, na kwa filamu ilichapwa kwa mashine ya 3D kwa ushirikiano na mbunifu Julia Körner. Ikishakaa kichwani, vazi lililobaki kazi yake ni kunyamaza. Kofia hiyo Lanet inawezekana kabisa kwa waya mwembamba, magazeti na uji wa unga wa ngano, ikaushwe juani siku mbili tatu. Ukiikagua, usiishie kuitazama. Mwambie mvaaji ainame kama anayesalimia mzee, kisha ageuze shingo kushoto na kulia. Malkia anayeshika kofia kwa mkono si malkia.

Tuje kwenye joho, ambalo ndilo huwadanganya majaji wengi, maana joho lolote likipepea linapendeza, na Lanet upepo haukosi. Ngoja utulie. Joho la mstatili, yaani shuka lililokusanywa shingoni kwa kamba, hurundika kitambaa chote mabegani na kumfanya mtu aonekane amebeba mzigo. Joho la nusu duara hulala begani bila mkunjo, kisha hufunguka kadiri linavyoshuka. Hesabu yake si ngumu. Ukitaka urefu wa sentimita 120 kutoka shingoni, na shingo uiachie nusu kipenyo cha sentimita 15, duara lako lote litakuwa na nusu kipenyo cha sentimita 135. Kitambaa chenye upana wa sentimita 150 kinatosha, urefu wake mita 2.7 na ziada kidogo ya mshono. Shingo itapata karibu sentimita 47, na pindo la chini litapita mita nne. Anayefika kwa fundi na mita moja na nusu akitaka joho la mfalme, mwisho wake unaujua kabla cherehani haijafunguliwa.

Nusu duara lina mtego wake. Katikati kitambaa hushuka kwa uzi ulionyooka, lakini pande mbili kinashuka kwa mshazari, na mshazari hurefuka ukining'inizwa. Fundi anayejua kazi hulitundika joho usiku kucha, asubuhi ndipo analisawazisha na kulipinda. Asiyejua hupinda jioni ile ile. Matokeo unayasoma kwenye pindo: likiwa linapanda na kushuka kama mawimbi, na pembeni linaburura huku katikati linaelea, hapakuwa na subira. Geuza pindo uangalie upande wa ndani pia. Pindo la duara haliwezi kuwa pana bila kukunjamana. Sentimita moja au moja na nusu inatosha. Penye mikunjo midogo midogo iliyobanwa kwa pasi, fundi alilazimisha.

Mafundi cherehani wa huku wamezoea sare za shule, na kwa maleba hiyo ni neema. Mishono yao huvumilia, wanaacha akiba ya kitambaa, na mfuko wao hauchaniki. Ila wana tabia moja ya kuchungwa: kila kitu wanakinyoosha kwa pasi mpaka kisimame chenyewe. Joho la mchawi lenye mstari wa pasi kama suruali ya headboy linanichekesha, na nimeliona.

Kuhusu kitambaa chenyewe, usimwamini muuzaji, mwamini kiberiti. Chomoa uzi mmoja kutoka akiba ya ndani, uuchome mbali na vazi. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na hubaki majivu yanayosagika kwa vidole. Pamba hunuka kama karatasi. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu. Sisemi poliesta ni haramu. Mapazia mazito ya mitumba, mengi yakiwa ya poliesta, yamevisha wafalme wazuri sana. Lakini poliesta haikubali chai ya rangi wala magadi ya kuichakaza, hung'aa chini ya taa, na karibu na mshumaa ni hatari. Mpangaji anapaswa kuwa aliyajua hayo alipokuwa akiinunua. Lipo pia suala la uzito. Blanketi la sufu la mitumba, hata likiwa limetoboka, huanguka kwa namna ambayo satini ya dukani haiwezi kuigiza. Joho la kahawia alilovaa Alec Guinness akiwa Obi-Wan katika Star Wars ya 1977 lilirudi kwenye ghala la mavazi ya kukodisha na kukaa humo miaka mingi bila kujulikana, maana lilikuwa joho la kitambaa kizito tu, halina ushanga wala dhahabu. Lilitambuliwa 2005, na 2007 likauzwa mnadani London, ile ya Uingereza, si hii yetu ya Nakuru, kwa zaidi ya pauni 50,000. Ukilishika joho la nyumbani likajaa mkononi, nusu ya kazi imekwisha. Likiwa jepesi kama neti, hata udarizi wa miezi hautaliokoa.

Uzito nao huweza kuzidi, na hapa wakubwa wa kazi hii wana somo. Ruth Carter, aliyepata Oscar ya mavazi kwa Black Panther mwaka 2019 na ya pili kwa Wakanda Forever mwaka 2023, aliwavika watu wa mpakani wa Wakanda mablanketi ya Wabasotho kutoka Lesotho, yaliyopigwa chapa ya fedha upande mmoja. Yalipojaribiwa yalionekana mazito mno, basi yakanyolewa kwa mashine ya kunyolea ndevu. Michele Clapton naye alieleza mwaka 2016 kwamba majoho ya walinzi wa ukutani katika Game of Thrones yalitokana na mazulia ya IKEA, yale madogo ya manyoya: yakakatwa, yakanyolewa, yakaongezewa kamba za ngozi, kisha yakapakwa nta na kuchakazwa. Wabunifu wawili wasiohusiana, na wote wakaishia kwenye kunyoa. Mtengenezaji wa nyumbani mara nyingi huongeza tu. Mkague kwa alichopunguza.

Kwa manyoya ya kweli hatuna haja ya IKEA. Kwenye barabara ya Nairobi, pale wasafiri wanaposimama kulitazama Bonde la Ufa, ngozi za kondoo zimetundikwa mwaka mzima. Zinafaa kwa kola za majoho ya watu wa kaskazini, ila chagua kama unayenunua mbuzi. Geuza upande wa nyama: uwe laini na unaokunjika kimya. Ukisikia inapasuka kama karatasi, haikulainishwa vizuri na itavunjika mvaaji akiinua bega. Vuta kitita cha sufu kwa vidole. Ikitoka nyingi, achana na ngozi hiyo. Nusa. Ngozi ikinuka duka, matatu yenye watu kumi na wanne na madirisha yaliyofungwa itainukisha mara tatu. Kwenye vazi lililokamilika, angalia kama manyoya yanaelekea chini, kama ya mnyama aliyesimama. Ni kosa dogo linaloonekana hata kwa asiyejua kulitaja: mtu huona tu kuna kitu hakikai sawa.

Ngozi ya mikanda na viatu hupatikana kwenye mikoba na jaketi za mitumba. Hapo tofautisha ngozi na ile ya bandia inayobabuka. Kunja ukingo, ubonyeze kwa ukucha: ngozi hubadilika rangi kidogo kisha inarudi, ya bandia huonyesha wavu wa kitambaa chini yake. Mkanda wa bandia utaanza kumwaga magamba kabla maonyesho hayajaisha.

Uchakavu ndio mtihani ambao wengi huanguka. Vazi la msafiri aliyevuka milima haliwezi kuwa safi kama la kwaya, kila mtu analijua hilo, kwa hiyo huchukua rangi ya kahawia na kuirusha kila mahali. Ukiona madoa yamesambaa sawasawa, punguza alama. Nguo huchakaa inapoguswa: viwiko, magoti, ukingo wa mfuko, bega linalobeba kamba, kiuno upande wa ala ya upanga, na pindo kuanzia chini kwenda juu shubiri moja hivi, giza likififia taratibu. Kwa kazi hii Lanet imebarikiwa. Udongo wetu ni wa volkeno, mwepesi, umejaa vipande vya lile jiwe lenye matundu tunalosugulia visigino. Jiwe hilo likipitishwa kwenye viwiko vya koti la pamba hufanya kwa nusu saa kazi ya miaka mitatu. Vumbi lenyewe, likisuguliwa kwenye pindo lenye unyevu wa chai ya rangi iliyokolea na kukaushwa, huingia kwenye uzi wala halidondoki. Pamba na sufu hulipokea. Poliesta hulikataa, na hapo unakumbuka kiberiti.

Ila kuna wasiopaswa kuchakaa. Elfu wa Rivendell, wale wa The Lord of the Rings, hawatoki mtaroni, na malkia wa Wakanda hana tope. Kuchakaza kila vazi kwa sababu umejifunza kuchakaza ni ushamba wa namna yake.

Deraya na silaha sasa. Nyingi hutengenezwa kwa sponji ngumu ya mikeka ya watoto, ile inayounganishwa kama meno. Kasoro ya kwanza ya kutafuta ni alama ya mkeka wenyewe: upande mmoja una michirizi, na kingo zina meno. Ikiwa ngao ya joka ina meno hayo pembeni, mtengenezaji hakukata, aliunganisha tu. Pili, tazama vipande vinapokutana kwenye kona. Sponji iliyokatwa wima huacha mfereji. Iliyokatwa kwa kulaza kisu hufunga kama kifuniko. Wembe ukiwa butu huichana sponji na kuacha ukingo wenye manyoya, na rangi huufichua ukingo huo kabla ya kitu kingine chochote. Tatu, pinda kipande polepole. Sponji ina matundu. Isipopashwa joto uso wake ukajifunga, na isipopakwa gundi nyeupe ya mbao mara kadhaa kabla ya rangi, itainywa rangi ya kupuliza na kupasuka kama tope la kiangazi mara mvaaji anapokunja kiwiko. Pasha vipande nje au dirishani, moshi wake si wa kuvutwa.

Gundi ya kiatu, ile wanayotumia mafundi wa viatu, hupakwa pande zote mbili, ikaachwa mpaka isishike kidole, kisha pande zikabanwa mara moja. Lakini huku kuna shida ambayo video za watu wa ng'ambo hazisemi: katika dakika hizo za kungoja, vumbi linatua. Mshono wenye mstari mwembamba wa kijivu, unaofunguka ukiuvuta kidogo, uligundishwa uani Januari alasiri. Mjuzi hugundisha asubuhi kabla upepo haujaanza, au mlangoni, upepo ukiwa mgongoni mwake. Ukikuta mishono yote imeshika, msifu kwa hilo hasa. Ataelewa kwamba umeona.

Wapo wanaotaka chuma halisi. Fundi wa jua kali atakukatia kifua cha mabati kwa muda mfupi, na kitang'aa vizuri. Pitisha kidole kando ya ukingo, taratibu. Ukingo uliokunjwa ndani na kugongwa ni wa mtu anayefikiria shingo ya mvaaji. Usiokunjwa, usimruhusu apande jukwaani. Msikilize pia akitembea: bati juu ya bati bila kipande cha ngozi au cha mpira katikati hupiga kelele za sufuria zikioshwa, na shujaa anageuka kichekesho.

Kwa deraya ya pete, kumbuka kwamba zile tulizoziona katika The Lord of the Rings nyingi hazikuwa chuma. Mafundi wa Wētā Workshop kule New Zealand walikata mabomba ya plastiki kuwa pete na kuziunganisha kwa mikono, pete kwa mamilioni, kisha wakazifanya zionekane kama metali. Bonde letu limejaa mashamba ya maua na ya mboga, na mabomba meusi ya maji yaliyochakaa hupatikana. Bomba la nusu inchi likikatwa vipande vyembamba ni deraya inayongoja. Jinsi ya kuipima ni rahisi: chagua pete yoyote katikati ya vazi uhesabu. Katika ufumaji wa kawaida, kila pete hupita ndani ya nyingine nne. Ukikuta tatu hapa na tano pale, kuna mahali patachanika. Kisha tazama jinsi inavyolala kifuani. Deraya nzuri hufuata mwili kama kitambaa. Mbaya husimama kama wavu wa kuku. Ikiwa bajeti ni ndogo, uzi wa katani wa kutoka pande za Mogotio, ukifumwa kwa sindano nene ya kufumia sweta na kupulizwa rangi ya fedha, ni ujanja wa zamani wa jukwaani usio na aibu yoyote. Kwa mbali huishinda hata deraya ya mabomba. Kwa selfi, hapana.

Shanga zinastahili jicho kali kuliko vyote, maana hapa hatuigi filamu. Filamu ilituiga sisi. Rangi na mapambo ya Dora Milaje yalichotwa kwa Wamasai pamoja na jamii nyingine za bara hili. Kwa hiyo jaji wa Nakuru hana udhuru wa kutojua. Kola bapa ya Kimasai hutungwa kwa waya, mzunguko juu ya mzunguko, na vipande vyembamba vya ngozi au plastiki hushikilia mizunguko isiachane. Iweke mezani. Ikilala bapa, mkono ulikuwa thabiti. Ikiinuka pembeni kama chapati iliyopata joto upande mmoja, mizunguko ya nje ilipewa shanga chache. Tazama vile vishikizo kama vinatoka katikati kwa mistari iliyonyooka. Tazama shanga kama ni za ukubwa mmoja. Kola iliyonunuliwa kwa mama aliyeitunga inahesabika kama sehemu ya vazi bila kupunguziwa alama, mradi mvaaji aseme ameipata kwa nani na asidai ni kazi yake. Shanga za plastiki zilizobandikwa kwa gundi juu ya kadibodi ni jambo jingine, na mbele ya watu wanaozitunga za kweli ni heri kifua kikae wazi.

Viatu visisahaulike. Nimeona Elfu akiwa na joho la kumtoa mtu machozi, chini raba nyeupe. Akala za jua kali, zikiongezewa kamba za ngozi mpaka ugokoni, zinamtosha shujaa wa karibu kila ulimwengu, na zinahimili changarawe. Buti la mvua lililofunikwa kwa mikono ya jaketi ya ngozi kuukuu nalo hufaa, ila kagua kifundo: hapo ndipo kifuniko hukusanyika na kumsaliti mvaaji.

Ukimaliza kugusa na kunusa, uko mtihani mmoja ambao kwangu unazidi yote: matatu. Kutoka Lanet hadi Nairobi ni safari ya karibu kilomita 150. Mpango ulioiva unaeleza vazi linavunjwa vipande vingapi, kila kipande kinabebwaje, na nani atamfunga mvaaji mgongoni akifika. Hata ndani ya Nakuru, mwambie aketi kwenye kiti chembamba, ainuke, apande hatua mbili, anywe maji, avuke barabara. Kofia ya chuma isiyomwachia kuona pembeni wala kusikia honi haifai kando ya barabara kuu, hata iwe nzuri namna gani. Muulize pia, bila aibu, ataendaje msalani. Wengi hunyamaza. Anayejibu haraka, akakuonyesha kifungo kilichofichwa chini ya mkanda, huyo umpe kiti cha jaji mwaka unaofuata. Na upanga wake uwe wa kuonekana ni wa sponji ukiguswa. Bunduki ya kuchezea isipande matatu kabisa.

Wapo watakaokuletea kitu kisichotoka kwenye filamu yoyote: zimwi la hadithi za nyanya, au mzimu wa kreta ya Menengai umevaa mvuke wa pamba. Majaji wengine huhangaika, maana hawana picha ya kulinganisha. Kwangu hao ndio rahisi. Uliza kazi ya huyo zimwi, tazama kucha zake kama zimechakaa upande anaochimbia, mwambie akimbie kidogo. Alama zitakuja zenyewe.

Kwa watoto, legeza karibu kila sharti. Rangi ikivuka mstari, acha. Kadibodi ikionekana kadibodi, acha. Usilegeze shingo na moto: joho la mtoto lisifungwe kwa kamba ya fundo bali kwa velkro inayoachia likikwama mlangoni, na mabawa ya neti yasikaribie jiko wala keki yenye mishumaa. Kisha inua pindo. Fundi mzuri ataliacha na akiba ya sentimita nane au kumi, limeshikwa kwa mkono kwa mishono mirefu iliyolegea, ili mwaka ujao lifumuliwe nyumbani na kushushwa. Ukiikuta akiba hiyo ongeza alama, hata kama bawa moja limepinda.